Mkono Usiachie Kabla wa Pili Haujashika

Sisi walimu wa lugha tumezoea kukizungumzia kitabu kwa yale yaliyomo ndani yake: maudhui yake, fani yake, ufasaha wa mwandishi na uzembe wa mhariri. Ni nadra kwetu kukitazama kitabu kama kitu, yaani karatasi, wino, gundi na uzi, vilivyosafiri kutoka mahali fulani hata vikafika mezani petu. Wenzetu wafundishao mijini yamkini hawana haja ya kulifikiria jambo hilo, kwani kitabu kikichanika leo, kesho watapata kingine dukani. Huku kwetu katika mwambao wa Ziwa Mweru, kuanzia ziwa dogo la Mofwe hadi Nchelenge na Kashikishi, nakala moja aghalabu ndiyo nakala zote. Ikipoteza kurasa nne, darasa zima limepoteza kurasa nne.

Kwa sababu hiyo napenda kuwaandikia wenzangu juu ya jambo ambalo wapiga chapa wanalijua vizuri kuliko sisi, nalo ni namna ya kukichukua kitu kilichochapwa kutoka mahali hadi mahali bila ya kukiharibu. Mwanzoni jambo hili laweza kuonekana kuwa ni la mafundi peke yao. Natumaini kuonyesha kwamba ni letu pia.

Nilipokuwa nikisomea stashahada ya elimu, wanafunzi wa chuo chetu tulipelekwa kukizuru kiwanda kimoja cha chapa. Nilikwenda nikidhani kwamba ufundi wote wa kazi ile ni kuuweka wino juu ya karatasi. Nikashangaa kuona kwamba wino na karatasi hukutana kwa muda mfupi kabisa, na kwamba sehemu kubwa ya mtambo haichapi chochote. Sehemu hiyo hushika, hupokea, huinua, hupunguza mwendo na kulaza. Fundi aliyetutembeza alitueleza kuwa hasara nyingi hutokea huko, baada ya herufi kwisha kuchapwa vizuri.

Zamani kazi hiyo ilifanywa na vidole vya watu. Katika miaka ya 1860 Edward Steere wa misheni ya UMCA alikuwa na mtambo mdogo wa chapa huko Zanzibar, na miongoni mwa walioufanyia kazi walikuwamo vijana waliookolewa utumwani. Mwaka 1888 gazeti la Msimulizi likaanza kutoka Kiungani, na mwanzoni mwa karne ya 20 Kiongozi likawa likichapwa katika shule ya serikali ya Tanga. Katika mtambo wa mkono, karatasi iliyokwisha pigwa chapa huinuliwa kwa ncha, polepole, kisha huanikwa mpaka ikauke. Kidole kikigusa maandishi yangali mabichi, kazi imeharibika na karatasi nyingine itafutwe.

Mashine zilipoongeza mwendo, kidole cha mtu hakikuweza tena kufuatana nazo. Mwaka 1914 ulionyeshwa mjini Leipzig mtambo wa Heidelberg ambao ulikuwa na mikono miwili ya chuma yenye kuzunguka kama mapanga ya kinu cha upepo. Mkono mmoja huipeleka karatasi nyeupe mahali pa kuchapwa, na mwingine huiondoa iliyochapwa. Mitambo ya namna hiyo iliyofuata iliweza kutoa karatasi elfu tano hivi kwa saa. Hata hivyo kazi yake ilikuwa ni ile ile ya vidole vya kale: shika mahali salama, usiguse palipo pabichi, laza taratibu.

Mtambo wa leo wa kuchapa karatasi mojamoja una safu ya vidole vya chuma ambavyo hapa nitaviita vibano. Vibano havigusi penye maandishi. Vinashika ukingo mweupe tu, upana wake kama sentimita 1, ambao mchapaji ameuacha kwa makusudi. Karatasi hupita kutoka silinda hadi silinda, na kila silinda ina vibano vyake. Sasa naomba msomaji azingatie jinsi makabidhiano yanavyofanyika. Vibano vya silinda ya pili hufumba kwanza, ndipo vya silinda ya kwanza vifumbuke. Kwa hiyo ipo nukta fupi mno, ambayo jicho haliwezi kuiona, ambapo karatasi moja imeshikwa na pande zote mbili. Vya kwanza vikiachia mapema, hata kwa kiasi cha unywele, karatasi huteleza. Rangi ya pili haitaangukia pale ilipoangukia ya kwanza, na herufi zitaota kivuli. Vikichelewa kuachia, karatasi itachanika. Ubora wote wa ukurasa umo katika nukta ile.

Liko pia tatizo la ubichi. Wino wa mitambo hii haukauki papo hapo. Kwanza hunywewa na karatasi, kisha huganda kidogo kidogo kwa kukutana na hewa, na huenda saa nyingi zikapita. Karatasi zikirundikwa juu sana kabla ya wakati wake, uzito huufanya wino wa ile ya chini uhamie mgongoni mwa ile ya juu yake. Dawa yake ni unga laini, mara nyingi wa wanga, ambao hunyunyizwa juu ya kila karatasi ili punje zake zitenganishe moja na nyingine. Tena karatasi ijayo kwa kasi haifai kusimamishwa ghafla kwa kugonga ukuta, kwani pembe zake zitapondeka. Mwishoni mwa safari huvutwa nyuma kwa pumzi ya hewa, ikapungua mwendo, ikatua juu ya wenzake.

Katika mitambo mikubwa ya magazeti taabu ni kubwa zaidi, kwani nakala zilizokunjwa zaweza kutoka makumi ya maelfu kwa saa. Gurudumu lenye mapanga yaliyopinda hudaka kila nakala, huizuia kidogo, na kuilaza juu ya mkanda unaokwenda. Nakala hazilazwi moja nyuma ya nyingine. Kila moja hulalia sehemu ya iliyoitangulia. Faida yake ni hesabu nyepesi. Tuseme nakala ina urefu wa sentimita 30. Zikipangwa bila kulaliana, mkanda hauna budi kwenda sentimita 30 kwa kila nakala. Zikilaliana hata zikabaki wazi sentimita 10 tu za kila moja, mkanda unaweza kwenda kwa theluthi moja ya mwendo ule, na idadi ya nakala zipitazo isipungue hata moja. Hivyo upole hupatikana bila ya kupunguza kazi.

Wajerumani, ambao ni mabingwa wa mitambo hii, huuita mpango huo Schuppenstrom, maana yake mkondo wa magamba. Nilipokutana na neno hilo nilifurahi sana. Mtoto wa Nchelenge hahitaji kamusi kulielewa; amekwisha kuona jinsi magamba ya samaki yanavyolaliana tangu kichwani hadi mkiani. Wale ndugu zetu wanaobuni istilahi za Kiswahili na waliandike katika orodha zao: mkondo wa magamba. Huko Uswisi, kampuni ya Ferag iliyoanzishwa na Walter Reist mwaka 1957 ilikwenda mbele zaidi na kupata sifa kwa minyororo yenye vibano vya kushika kila nakala peke yake, ikachukuliwa ikining'inia hewani, bila ya kuburutwa wala kukandamizwa.

Ustadi huo wote hukoma mlangoni mwa kiwanda. Kuanzia hapo kitabu kinaingia katika mikono ya watu, nayo mikono hiyo haikupimwa na fundi yeyote. Tukifuate kitabu cha Kiswahili kilichochapwa Dar es Salaam. Kitafika Tunduma, kitavuka mpaka na kuingia Nakonde, kitashuka Kasama, kitapita Luwingu hadi Mansa, na kutoka Mansa kitakuwa kimebakiwa na zaidi ya kilomita 200 za bonde la Luapula kabla ya kuliona Ziwa Mweru. Kile kitokacho Ukanda wa Shaba kwa njia ya mkato hukatiza ardhi ya Kongo na kuvuka mto Luapula pale Chembe, ambapo kwa miaka mingi palikuwa na pantoni tu, mpaka lilipofunguliwa daraja la Levy Mwanawasa mwaka 2008. Na kama shule yenyewe iko katika kisiwa cha Kilwa au cha Chisenga, basi bado kuna mtumbwi. Kila kituo ni silinda, na kila silinda inataka vibano vyake.

Miaka kadhaa iliyopita vitabu vya kusoma vya darasa langu vililetwa kwa njia kama hiyo, wakati wa masika. Kiwandani vilikuwa vimechapwa vizuri. Herufi zilikuwa safi na picha hazikuwa na kivuli. Msafirishaji aliyekabidhiwa kipande cha mwisho cha njia alifika jioni, hakumpa habari mtu yeyote, akayashusha makasha ufukoni juu ya mchanga, akaenda zake. Usiku mvua ikanyesha. Karatasi hunywa maji na kuvimba, tena haivimbi sawasawa pande zote, ndiyo maana ikishakauka hujikunja na hairudi tena kama ilivyokuwa. Kurasa za mwisho za vitabu vile ziligandana kama mkate. Tulizianika, tukazifungua kwa kisu chembamba, nyingine zikakubali na nyingine zikachanika. Tulisoma hadithi muhula mzima. Tulipofika karibu na mwisho wake, msichana mmoja aliniuliza iwapo yule mtoto wa hadithini alirudi kwao au hakurudi. Katika nakala zote tulizokuwa nazo, ukurasa huo haukusomeka.

Mchapaji hakuwa na lawama, wala dereva wa kutoka mjini, maana makasha yalifika mikononi mwa yule wa mwisho yakiwa makavu. Vitabu viliharibika katika nukta moja tu: wa kwanza aliachia kabla wa pili hajashika.

La ajabu ni kwamba ufuko ule ule una watu wanaoijua sana kanuni hii. Akina mama wanaokausha chisense, wale dagaa wadogo wa Mweru wavuliwao usiku kwa taa, hawawarundiki wangali wabichi. Huwatandaza, huwageuza kwa mkono mwepesi, na hawawatii magunia kabla ya kukauka, wakijua kwamba walio wabichi wataoza na wakavu wakikandamizwa watakuwa vumbi. Gunia linapopakiwa mtumbwini, aliye ufukoni haliachi mpaka aliye ndani aseme kwamba amelishika. Wabemba husema, Umunwe umo tausala inda. Nasi Waswahili twasema, Kidole kimoja hakivunji chawa.

Pengine kuna atakayesema kwamba nalia juu ya karatasi chache. Naomba akumbuke kitabu kiitwacho Ifikolwe Fyandi na Bantu Bandi, kilichochapwa London mwaka 1951. Ndani yake Mwata Kazembe wa 14, Chinyanta Nankula, pamoja na padri Labrecque, aliyaweka mapokeo ya Walunda wa bonde hili, ambao watawala wao waliweka miji yao kandokando ya Mofwe. Maneno hayo yalitoka vinywani mwa wazee, yakaingia katika daftari, yakavuka bahari, yakawa kitabu. Wazee waliojua hawapo tena. Nakala ya kitabu cha namna hiyo ikioza ndani ya sanduku, hakuna wa kwenda kumwuliza.

Kwa hiyo nawapendekezea wenzangu mambo machache yasiyohitaji fedha nyingi. Kwanza, vitabu visiondoke popote mpaka ijulikane kwa jina ni nani atakayevipokea, na mpokeaji huyo awepo kabla gari au mtumbwi haujafika. Pili, makasha yafunguliwe na kuhesabiwa wote wawili wakiwapo, aliyeleta na aliyepokea. Hiyo ndiyo ile nukta ya kushikwa na pande mbili. Tatu, vitabu viwekwe juu ya chanja, visilazwe juu ya sakafu ya saruji wala kuegemezwa ukutani wakati wa mvua. Nne, tuwafundishe watoto kukishika kitabu pembeni na kufungua ukurasa kwa ncha ya juu, kwa mkono mkavu. Mtambo wa chuma umefundishwa adabu hiyo. Mtoto wa watu hatashindwa.

Naongeza neno moja kuhusu kazi yetu yenyewe. Katika masoko ya mwambao huu Kiswahili husikika kila siku kutoka kwa wafanyabiashara wa ng'ambo ya Kongo, na tangu SADC ilipokifanya kuwa lugha yake rasmi ya nne mwaka 2019, wazazi wengi wametuuliza kama watoto wao watafundishwa. Nawajibu kuwa inawezekana, ila Kibemba cha nyumbani kisiachiwe upesi. Mtoto na ashikwe na lugha zote mbili kwa kitambo, mpaka ya pili iwe imemshika barabara. Na somo la leo lilalie sehemu ya somo la jana, kama magamba, ili twende polepole na bado tufike na wote.