Jumuiya Yako Ni Ipi?

Kwetu Machame, nilipokuwa mtoto, hakuna aliyekuuliza wewe ni wa kanisa gani. Wamisionari wa Leipzig walifika pale mwaka 1893, na kufikia kizazi cha baba yangu Ulutheri ulikuwa kama kihamba, shamba la ukoo: mtu anaurithi. Ulibatizwa mchanga, ukafundishwa kipaimara, ukafungishwa ndoa, ukazikwa migombani kengele ikigonga. Hata mzee aliyeshinda kwenye pombe ya mbege mwaka mzima alihesabiwa msharika, na Krismasi alikaa kiti cha mbele.

Sadaka ililetwa kama ilivyotoka shambani: mkungu wa ndizi, debe la mahindi, kuku aliyefungwa miguu akipiga kelele katikati ya mahubiri. Baada ya ibada tulitoka nje kwenye mnada. Mzee wa kanisa aliinua yai moja juu, akalisifia utadhani ni ng'ombe. Mwalimu akalinunua, akalirudisha liuzwe tena. Mwenye duka akalichukua, naye akalirudisha. Yai lilizunguka mpaka likapita bei ya kuku aliyelitaga, mwisho akapewa mchungaji. Sisi watoto tulicheka. Wakubwa walikuwa wakiangalia nani katoa nini, na nani siku hizi hatoi.

Kujuana huko kulikuwa na makali yake. Binti akipata mimba kabla ya ndoa alitengwa, hakukaribia Meza ya Bwana, na siku ya kurudi kundini alisimamishwa mbele ya washarika wote. Nilimwona mmoja, kanga ameivuta mpaka machoni. Kijana aliyempa mimba alikuwa kwenye kwaya, anaimba besi. Siku hizi kwenye usharika wetu mambo hayo humalizwa ofisini kwa mchungaji, na sioni kilichopotea.

Miaka ya 1990 nilihamia Dar es Salaam na barua yangu ya uhamisho mfukoni. Katibu wa usharika aliipokea, akaniandika kwenye daftari, akanikabidhi bahasha za sadaka zenye namba. Basi, nikawa namba. Jumapili watu walifurika mpaka kwenye mahema ya nje, ibada ikiisha kila mtu anakimbilia daladala. Ningekosa miezi mitatu, bahasha ndiyo ingesema, si jirani.

Kilichonirudishia jina ni jumuiya. Wenzetu Wakatoliki walilivalia njuga jambo hili tangu miaka ya 1970, maaskofu wao wa Afrika Mashariki walipoamua kwamba kanisa lijengwe kuanzia jumuiya ndogo ndogo. Yetu hukutana Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, kwa zamu, nyumba hadi nyumba: viti vya plastiki uani, neno, maombi, kikapu, matangazo, kila mtu aende kazini kwake. Kanisa letu la Kilutheri, KKKT, liliundwa mwaka 1963 kwa kuunganisha makanisa saba. Hilo nililisoma kipaimara, lakini nimelielewa pale uani, Mhaya na Mnyakyusa wakibishania wimbo mmoja uimbwe kwa sauti ya kwao nani.

Mama alipofariki, kabla sijamaliza kuwapigia ndugu simu, mwenyekiti wa jumuiya alikuwa amefika na turubai. Akina mama waliingia jikoni bila kuuliza sukari iko wapi. Daftari la rambirambi likafunguliwa, Coaster ya kwenda Machame ikapatikana. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa wa ukoo wetu.

Tangu M-Pesa iingie nchini mwaka 2008, na ibada kuonekana kwenye simu, wapo vijana wanaosali na kutoa bila kutoka kitandani. Sina ugomvi na simu. Ahadi yangu mwenyewe naituma kwa simu. Ila nimekuwa mzee wa kanisa, na najua usiku unavyokuwa pale familia inapoleta msiba na ofisi ikauliza marehemu alikuwa jumuiya gani, wakabaki kutazamana. Tunaanza kupigiana simu kutafuta nani anamfahamu. Tutamzika, lakini tutahubiri juu ya mtu tusiyemjua.

Kwa hiyo wewe uliyehamia mtaani kwetu karibuni, muulize mwenye duka Jumamosi hii zamu ni ya nani. Barua ya uhamisho ikichelewa, njoo tu. Katibu atakuandika ikifika.