Gari kuukuu la ami na matope ya Kendu Bay

Msomaji mpenzi, kama unaishi Nairobi au Mombasa huenda udongo mweusi wa Kendu Bay unaujua kwa kusikia tu. Wakati wa kiangazi hupasuka nyufa za kummeza kuku. Zikija mvua za Machi hadi Mei, udongo huo huo huvimba, ukanata kama ugali mbichi na kuteleza kama sabuni. Barabara kuu ya kwenda Homa Bay ina lami, hivyo mgeni apitaye hudhani mambo ni shwari. Taabu huanza ukiiacha lami na kushika njia za mashambani, upande wa ziwa la Simbi.

Huko ndiko ami yangu analima nyanya, na huko ndiko anakohangaika na Land Rover ya Series III, aina iliyoundwa kati ya 1971 na 1985. Nyanya haisubiri. Siku mbili za kukwama zatosha kugeuza kreti kumi kuwa chakula cha ng'ombe, na nyanya hizo ndizo karo ya binti yake aliye sekondari. Fundi mmoja alimshauri anunue matairi manne mapya na kifaa cha kufunga difu kutoka ng'ambo. Ami alipiga hesabu, akaitazama barua ya shule, akanyamaza. Mkewe, ambaye haogopi kusema, aliuliza kama hilo difu ndilo litakalokwenda shule.

Difu, msomaji, ni ule mtambo wa katikati ya ekseli unaoyaacha magurudumu yazunguke kwa kasi tofauti gari likikata kona. Ubaya wake ni kwamba gurudumu moja likiteleza, mzunguko wote hukimbilia huko. Ndiyo maana utaona moja la mbele na moja la nyuma yakirusha matope huku wenzao wamekaa kama wageni matangani.

Dawa ya kwanza ilikuwa karibu bure. Land Rover nyingi za zamani zina vifungo vya kuzungushwa kwa mkono kwenye magurudumu ya mbele. Vikiwa wazi, hata ukibonyeza kile kirungu cha manjano, mbele hakuvuti. Tulichutama tukatazama: kimoja kilifunga vizuri, cha pili kilikuwa kimeliwa na kutu, hakishiki. Na kwa tabia ya difu niliyokueleza, kimoja kulegea ni sawa na vyote kulegea. Kumbe ami alikuwa akisukumwa na magurudumu mawili miaka yote hiyo! Mafuta ya taa, brashi ya waya na grisi vikamaliza kazi.

Kisha upepo. Tairi la pauni 30 likipunguzwa hadi kama 18 hulala chini na kushika ardhi kwa urefu zaidi. Lakini uende polepole, maana tairi legevu huweza kuchomoka kwenye rimu, na ujaze tena kabla ya lami. Pampu ya mguu yatosha, ukivumilia jasho.

Gari likiwa tupu huwa jepesi nyuma, kwa hivyo magunia mawili ya mchanga, yaliyofungwa yasihame, husaidia. Kwenye tope refu lisilo na mwisho uzito huo huo hukuzamisha, basi tumia akili. Binafsi nasifu zaidi minyororo. Ami aliinunua kwa wauza vyuma chakavu, fundi wa jua kali akaikata kwa kipimo cha tairi. Lazima ikaze, ikilegea hupiga mabomba ya breki.

Ukifika lami, toa mvuto wa mbele, kwani ekseli za gari hili zimeunganishwa bila nafasi ya kupumua na gia huumia. Ami husahau. Karo ya muhula huu imelipwa, ingawa kwa vipande viwili, na likizoni ni binti yake anayeshuka kufungua vile vifungo na kukanyaga pampu.