NAMTUMBO HAKUNA ZIWA, LAKINI VITI VYA MASHUA VINATOKA HUKO!

Wewe kijana wa Sinza au Kariakoo, ukiambiwa Namtumbo kuna fundi mashua utacheka mpaka ukae chini. Namtumbo! Mji ulioko kama kilometa 70 mashariki ya Songea, ziwa hakuna, bahari ndiyo usiseme kabisa. Mimi nami nilicheka. Kisha nikapanda basi dogo pale Songea asubuhi, nikabanwa katikati ya mama mwenye kuku wawili na mshikaji mmoja aliyelala begani kwangu kama tumezaliwa naye, nikaenda kujionea.

Zamani njia hii ilikuwa ya vumbi na kusukuma gari. Siku hizi ni lami mtindo mmoja, iliyojengwa kwa fedha za Wamarekani, zile za MCC. Unasinzia kidogo tu, umefika. Namtumbo ilikuwa sehemu ya Songea hadi ilipopata wilaya yake mwaka 2002. Ina mahindi, ina tumbaku na ina misitu ya miombo. Hata maji yake yana mambo: mengine yanashuka kusini kuingia mto Ruvuma, mengine yanakwenda kaskazini na mto Luwegu, ambao ukikutana na Kilombero ndipo unazaliwa Rufiji. Kote kote mwisho ni Bahari ya Hindi.

Huyo fundi nilimkuta chini ya turubai, anapiga randa mlango. Ni Mnyasa wa pande za Liuli, mzee wa makamo, aliyehamia huku kufuata mbao. Kazi yake ya kila siku ni vitanda na milango, ila watu wa kwao ziwani hawajamsahau. Wanapotaka sakafu ya mashua, viti au kasha la kuwekea nyavu, wanamtumia vipimo, anachonga, mzigo unapanda lori.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kuangalia maajabu ya mpwa wangu?"

Maajabu yenyewe yalikuwa yameegemezwa ukutani: ubao mweusi, mzito, usio na fundo wala nyuzi. Ubao wa plastiki! Mpwa wake, kijana anayekwenda Dar mara kwa mara, alikuwa ameubeba kwenye basi kama mtu aliyebeba godoro. Ni madumu na ndoo mbovu zilizosagwa, zikayeyushwa, zikamiminwa kwenye kalibu.

"Mjomba, hii haiozi," kijana akaanza. "Sakafu ya mashua inakaa na maji ya ngamani mwaka mzima, leo imelowa, kesho imekauka. Mbao inakwisha upesi. Hii hata ukiisahau ndani ya maji, mwanao ataikuta."

Na hapo, jamani, dogo alikuwa na hoja. Mninga unaweza kuzidi umri wa babu yako kabla haujafaa kupasuliwa. Kuukata kunataka kibali, kuusafirisha kunataka kibali kingine, na ile miti minene iliyokuwa karibu na barabara imekwisha. Sasa kweli tuangushe mti wa namna hiyo ili mtu akalie tu akivua dagaa?

Tena siyo ndoto. Kule Lamu, Kenya, fundi Ali Skanda na wenzake walitengeneza jahazi zima la plastiki ya kuokotwa, wakalipa jina la Flipflopi. Lina urefu wa kama meta 9, limekula tani 10 hivi za taka, na ubavuni limevishwa kandambili 30,000 zilizokuwa zimezagaa ufukweni. Lilishushwa majini mwaka 2018, na mwanzoni mwa 2019 likatweka tanga kutoka Lamu hadi Unguja, safari ya kilometa 500. Mwaka 2021 likaonekana Ziwa Victoria. Mkuku wake, mataruma yake, mbao zake, vyote plastiki.

Nilimsimulia mzee yote hayo nikidhani nitamshangaza. Akanitazama hivi, akaweka randa chini.

"Hao wa Lamu waliunda mkuku mpya na mataruma mapya kwa kuijua plastiki yao. Huyu anataka nichomoe mbao niweke hii kwa vipimo vilevile. Njoo nikuonyeshe."

Akachukua matofali manne. Juu ya mawili akalaza ubao wa mninga, juu ya mawili mengine ule wa plastiki, unene uleule. Katikati ya kila mmoja akatua ndoo ya maji. Ilikuwa saa nne, jua linaanza kuchoma. Tukaenda zetu kunywa chai na mihogo.

Kurudi saa saba, mninga uko palepale. Plastiki imebonyea katikati kama kitanda cha kamba kilicholegea. Mzee akaondoa ndoo. Haikunyooka!

Kijana akanyamaza. Mimi pia, maana nilishaanza kumshangilia.

Mzee hakucheka hata kidogo. "Plastiki ni laini kuliko mbao, na ikipata joto ndiyo inazidi. Ukimkalisha mtu wa kilo tisini katikati ya ziwa, kiti kikamshuka, ataruka ashike ukingo, mashua inapinduka. Watoto wake utawaambia nini? Kwamba kiti hakiozi?"

Lakini, msomaji, hakuutupa. Hapo ndipo nilipompenda yule mzee. Akachukua penseli sikioni akaanza kuchora. Fremu ibaki ya mninga, ambayo inakula mbao kidogo tu, na plastiki iwe ya juu, ikiegemea kila baada ya shubiri mbili. Gundi asahau, haishiki, na rangi nayo hubanduka, kwa hiyo kila kitu kwa bolti. Matundu ya bolti yawe mapana kidogo, na kati ya ubao na ubao paachwe nafasi, kwa sababu ubao wa meta mbili unarefuka milimita kadhaa kati ya baridi ya alfajiri na jua la mchana. Ukiubana, unajikunja. Sakafu na kasha la nyavu, sawa. Mkuku na mataruma, yeye hagusi.

"Na mbao za ubavuni, mjomba?"

"Hizo utatengeneza nikishakufa."

Wakaanza kukata kiti cha kwanza jioni ileile. Msumeno ulipita vizuri tu, ila badala ya maranda zikamwagika chembe nyeusi, nyepesi, zinapeperuka mpaka kwenye mchicha wa jirani. Mzee akafoka, kila moja iokotwe, zikiingia mtoni ni samaki watakaozila. Kijana akapiga magoti na kiroba, anafagia.

Mara mama mwenye nyumba akatokea na karai lake, kama afanyavyo kila jioni, kuzoa maranda ya kushindilia kwenye jiko.

"Mama, haya siyo ya jikoni," mzee akamwambia. "Moshi wake ni sumu."

Mama akatazama kiroba, akatazama karai, akamgeukia kijana.

"Haya baba, na leo tunapikia nini?"

Kijana akajipapasa mfukoni, akatoa hela ya mkaa.