Kristo wa Mtaa wa 16

Birmingham ya Alabama ulikuwa mji wa chuma, na mpita njia mwenye haraka hudhani hauna cha kuonyesha zaidi ya matanuru yaliyozimwa. Asiondoke kabla hajafika Kanisa la Kibaptisti la Mtaa wa 16, jengo la minara miwili lililokamilika mwaka 1911. Aliyelichora, Wallace Rayfield, alikuwa msanifu majengo Mweusi, na hilo enzi za ubaguzi halikuwa jambo dogo.

Ingia, kisha geuka utazame nyuma, usawa wa roshani. Katika dirisha la vioo vya rangi, Kristo Mweusi ametanua mikono kama aliyesulubiwa, kichwa kimeinama, upinde wa mvua juu yake, na buluu imetapakaa kila upande. Mkono mmoja unasukuma chuki mbali, wa pili unatoa msamaha. Katika makanisa mengi nimezoea Kristo wa vioo aliye mpole, mweupe, asiye na ugomvi na mtu. Huyu anasamehe, lakini kwanza anakataa.

Ana haki ya kukataa. Jumapili ya tarehe 15 Septemba 1963, bomu la wabaguzi wa Ku Klux Klan liliwaua hapa wasichana wanne: Addie Mae Collins, Cynthia Wesley na Carole Robertson, wote wa miaka 14, na Denise McNair wa miaka 11. Katika dirisha moja lililosalia, mlipuko uling'oa uso wa Kristo.

Habari zilimfikia John Petts, msanii wa vioo huko Wales, naye akajitolea kutengeneza dirisha jipya. Gazeti la Western Mail la Cardiff likachangisha fedha kwa sharti ninalolipenda kuliko hata rangi zenyewe: mtu asitoe zaidi ya nusu krauni, yaani shilingi mbili na thumuni kwa hesabu ya wakati ule. Hawakutaka tajiri mmoja alipie yote. Zawadi iwe ya watu wa Wales, na mwaka 1965 ikawekwa mahali pake.

Ng'ambo ya barabara ipo bustani ya Kelly Ingram, ambako Mei 1963 polisi waliwaachia mbwa vijana waliokuwa wakiandamana. Sanamu za mbwa hao, meno nje, zimebana njia pande zote mbili. Wageni wengi huanzia huko. Mimi nashauri kanisa kwanza, ila uliza mapema saa za kutembelea: lina waumini wake, na Jumapili ni ya ibada.