Kukesha Nyambureti
Tulikwenda Nyambureti kufundisha juu ya kukesha, somo ambalo Makumira tulilisoma hata kwa Kigiriki. Jioni mama mwenyeji wetu akasema, "Watumishi, mahindi yamekomaa na tembo wa hifadhini wameanza kutoka. Hilo somo tutalifanya shambani."

Tukapanda naye dungu, na debe na tochi. Saa nane usiku sisi tulikuwa tumelala, kama wale wanafunzi wa Gethsemane. Yeye alisikia tawi likivunjika, akapiga debe. Majirani wakaitikia kwa madebe yao hadi ng'ambo ya bonde. Tembo wakageuka, wakiwa wamekwisha kula mistari mitatu.

"Haya," akasema akiketi, "sasa fundisheni."

Tukamwomba atuachie debe, alale kidogo.