Hadhira Isiyo na Matini: Mpenzi wa Filamu na Huduma za Mtandaoni

Jumamosi moja alasiri, katika mkahawa mdogo jijini Nairobi, marafiki watatu walikutana, kama ilivyo desturi yao, kuzungumzia filamu walizozitazama juma hilo. Mmoja ni mwalimu wa shule ya upili, wa pili ni karani, na wa tatu ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili. Mwalimu alikuwa ameanza kutazama filamu fulani Jumatatu usiku akaiacha nusu kwa uchovu. Aliporejea Ijumaa, haikuwapo tena katika orodha ya huduma anayoilipia kila mwezi.

"Sasa, Mwalimu, iliishaje?" karani aliuliza.

Mwalimu hakuwa na jibu. Mwanafunzi, aliyekuwa amewahi kuitazama, alianza kuwasimulia mwisho wake, akiigiza sauti za wahusika huku wenzake wakimkatiza kwa maswali na vicheko.

Tukio hili, ijapokuwa ni dogo, lina uzito wa kihakiki. Anayelipia huduma ya kutiririsha filamu hanunui filamu, bali hununua ruhusa ya kuitazama. Haki za kuonyesha kazi hiyo aghalabu hutolewa kwa muda maalumu na kwa nchi maalumu. Mkataba ukimalizika, kazi huondolewa, na mtazamaji hana pa kukata rufaa. Riwaya ikiadimika dukani, nakala zake husalia maktabani na katika rafu za wasomaji. Filamu iliyopatikana mtandaoni pekee haiachi nakala mikononi mwa mtu. Wahenga walionya kuwa nguo ya kuazima haisitiri matako, na kwa hakika mpenzi wa filamu wa leo amevaa ya kuazima.

Hata hivyo, haifai kuitukuza enzi iliyotangulia kana kwamba haikuwa na dosari. Santuri za bei nafuu zilizouzwa mitaani zilimpa mnunuzi nakala ya kudumu, lakini nyingi zilimnyima msanii jasho lake. Aidha, tangu Netflix ilipoingia Kenya Januari 2016, milango kadhaa imefunguka: tamthilia ya *Country Queen* ya mwaka 2022, kwa mfano, iliwafikia watazamaji wa nchi nyingi. Lakini mlango uliofunguliwa na mwingine waweza pia kufungwa na huyo huyo. Huduma ya bure iliyoanzishwa na kampuni hiyo kwa watumiaji wa simu za Android nchini mwaka 2021 ilikomeshwa mwaka 2023. Wasio na fedha za kulipia, au za kununua data ya kutosha, walirudi nje ya ua.

Katika kibanda cha video hali ilikuwa tofauti. Pale hadhira iliketi bega kwa bega, na filamu ya kigeni ilipita katika kinywa cha msimulizi kabla ya kuwafikia. DJ Afro, aliyejipatia umaarufu kwa kazi hiyo, hakutafsiri tu: alifupisha, alitania, aliwabatiza wahusika majina mapya, akaifanya hadithi ya ng'ambo iwe ya mtaani. Huyu ni fanani kwa maana kamili ya neno hilo katika fasihi simulizi. Filamu ya *Supa Modo* (2018) ya Likarion Wainaina inaitambua nafasi hiyo: inasawiri kijiji ambamo filamu hutazamwa kwa pamoja na kusimuliwa, na ambamo wanakijiji hatimaye hushirikiana kutengeneza filamu kwa ajili ya mtoto mgonjwa. Katika kazi hiyo, kutazama ni tendo la jamii.

Huduma za mtandaoni, kinyume chake, humkabili mtazamaji akiwa peke yake. Kila mmoja huwekewa orodha yake, na marafiki watatu waliolipia huduma tatu mbalimbali hukutana wakiwa na filamu tatu zisizofahamiana. Manung'uniko yao, basi, yasichukuliwe kuwa ya gharama tu. Wanalilia matini ya pamoja, ambayo ndiyo sharti la kwanza la mjadala wowote. Mhakiki naye yumo katika shida hiyo hiyo. Uhakiki ni kurejea: kusoma tena, kulinganisha, kumwonyesha mwenzako mahali hasa pa hoja yako. Hoja iliyojengwa juu ya filamu isiyoweza kurejewa haiwezi kuthibitishwa wala kukanushwa.

Yapasa idara za fasihi, kwa idhini ya wenye kazi, zihifadhi nakala za filamu zinazofundishwa, hasa za Kiafrika, kama zinavyohifadhi diwani na tamthilia. Hadi hapo, hifadhi iliyopo ni kumbukumbu ya watazamaji. Pale mkahawani, mwanafunzi alipomaliza masimulizi yake, karani alipinga mwisho ule, akadai msimulizi ameuongezea chumvi. Mwanafunzi alikana. Wote watatu waliitazama simu iliyokuwa mezani, lakini hapakuwa na filamu ya kuwaamua.