Spika Moja, Programu Nyingi

Kompyuta yangu ya kwanza ya Linux hapa kijijini Mgori ilikuwa ya mtumba, nikaiwekea Ubuntu kutoka kwenye zile diski zilizokuwa zikitumwa bure kwa posta hadi mwaka 2011. Nilikuwa na jambo moja moyoni: kaseti za wazee wakisimulia kwa Kinyaturu habari za mizinga, za kurina asali, na za msitu wetu kabla vijiji havijaanza kuusimamia katikati ya miaka ya 1990. Nilitaka kuziandika neno kwa neno.

Kazi hiyo haiendi kwa sauti moja. Rekodi ya zamani iko kwenye programu ya muziki, ya jana iko kwenye Audacity, programu ya kurekodi na kuhariri sauti, nawe unaruka huku na huko ukilinganisha matamshi. Kompyuta ilikataa. Programu ya kwanza ikiwa imeishika spika, ya pili iliniambia kifaa kinatumika. Funga hii, fungua ile, na mzee niliyemwalika asikilize, mazungumzo yanamkatikia. Iliniuma sana, kwa kuwa wazee wale hawakuwa na muda wa kupoteza.

Chanzo nilikielewa baadaye. OSS, mfumo wa sauti ulioanzishwa na Hannu Savolainen wa Finland, uliionyesha kadi ya sauti kama faili moja, /dev/dsp. Aliyewahi kuifungua ndiye mwenyewe. Wengine hukaa nje, labda kadi iwe na uwezo wa kuchanganya sauti yenyewe. Kadi za bei nafuu hazikuwa nao. Zikaletwa programu za usuluhishi, esd upande wa GNOME na aRts upande wa KDE, mazingira mawili ya kazi ya Linux, lakini kila moja iliikamata kadi kwa ajili ya programu za upande wake, ugomvi ukahamia kwao.

ALSA, mfumo mpya wa sauti wa Jaroslav Kysela, iliingia rasmi na kerneli ya Linux 2.6 mwishoni mwa 2003, ikiwa na dmix ya kuchanganya sauti. Mbona basi nilikuwa bado nahangaika? Kwa sababu Audacity ya wakati ule ilizungumza OSS, na programu za OSS zilipita kando ya dmix, moja kwa moja hadi kwenye kadi. Nilihariri faili la mipangilio ya ALSA, .asoundrc, usiku, betri ya sola ikiisha kabla sijapata jibu.

Msuluhishi mpya, PulseAudio ya Lennart Poettering, ilifika kwenye Ubuntu 8.04, Aprili 2008. Mwanzoni sauti ilikwaruza, na mara nyingine ilinibidi niisimamishe kwa amri ya pasuspender ndipo Audacity ifanye kazi. Hata hivyo naitetea hadi leo: ndiyo iliyonipa kiasi cha sauti kwa kila programu peke yake, nikaweza kumshusha mzee wa kwenye kaseti bila kumnyamazisha.

Kisha ikaja PipeWire ya Wim Taymans, ambayo Fedora 34 iliifanya chaguo la kawaida mwaka 2021. Inazipokea programu za ALSA, za PulseAudio na hata za JACK iliyotumika studio, zote kwa pamoja. Zaidi ya hapo, hukuruhusu kuchukua sauti inayotoka programu moja na kuiingiza nyingine. Sasa kaseti ikicheza, ndugu aliyeko Dar es Salaam anaisikia kupitia simu ya intaneti, ananieleza neno lililonishinda, na Audacity inatunza sauti zote mbili, kila moja kwenye mstari wake.